Wimbi la Mshtuko na Utando wa Seli

Msomaji, ulipochora seli katika daftari lako la bioloji, bila shaka utando wake uliuchora kwa mstari mmoja wa kalamu, kisha ukaendelea na kiini. Mstari huo ndio habari yetu leo.

Mwaka 1980, mjini Munich, Ujerumani, madaktari walianza kuwatibu wenye mawe ya figo bila kuwapasua. Mashine hupeleka mawimbi ya mshtuko kutoka nje, yakapita mwilini na kulivunja jiwe vipande vidogo vitokavyo kwa mkojo. Lakini mara nyingine figo yenyewe hujeruhiwa, ikavuja damu. Je, wimbi huufanyia nini utando wa seli?

Kulitazama jambo hilo ni kazi ngumu. Utando una unene wa nanomita 5 hivi, na nanomita ni milimita iliyogawanywa vipande milioni. Wimbi hukimbia majini zaidi ya mita 1500 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: ukiikata sekunde moja vipande trilioni, wimbi huupita utando kabla vipande vinne havijaisha. Darubini gani itawahi?

Basi wataalamu huujenga utando kwa hesabu ndani ya kompyuta. Huiambia kila atomu iko wapi, na jinsi atomu zinavyovutana na kusukumana. Kanuni ni zile zile za Newton tunazofundishwa darasani. Kompyuta huzisogeza atomu zote hatua ndogo mno, huhesabu upya, huzisogeza tena, maelfu kwa maelfu ya mara. Mtu mwenye kalamu angezeeka kabla ya hatua chache.

Mwaka 2006 Koshiyama na wenzake wa Japani walichapisha hesabu ya namna hiyo. Utando ni tabaka mbili za molekuli za mafuta: vichwa hupenda maji, hutazama nje, mikia huyakimbia, hujificha kati. Wimbi lilipopiga, utando ulibonyea, mikia ikavurugika, na maji yakapenya katikati, mahali yasipokaribishwa. Hesabu za baadaye zilionyesha kuwa penye kipovu karibu na utando mambo huwa makali zaidi: kipovu husinyaa ghafula, maji yakachomoka kama mshale na kuutoboa.

Ndiyo maana wengine hutumaini kupitisha dawa ndani ya seli kwa njia hiyo. Tundu likijiziba upesi, limekuwa mlango; likibaki wazi, seli hufa. Ila kipande kilichohesabiwa mwaka 2006 kilikuwa kidogo sana, mafuta na maji tu, hakina protini za seli hai. Kwa hiyo jibu la kompyuta hupelekwa maabara, likalinganishwe na seli yenyewe.