Kwa Nini Dawa ya Malaria Hubadilishwa?

Tunapotembelea zahanati huwa tunaulizwa: mbona Serikali hubadilisha dawa ya malaria, kwani wataalamu hawajui wanachofanya? Swali hili linastahili jibu refu kuliko lile linalotolewa dirishani pa kuchukulia dawa.

Katika miaka ya 1990 klorokwini ilikuwa inashindwa, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimejenga usugu. Lakini watafiti wakipima kila mmoja kwa njia yake, Wizara haiwezi kubadilisha dawa ya nchi nzima kwa takwimu zisizolingana. Ndipo watafiti na maofisa wa wizara za afya wa Kenya, Uganda na Tanzania walipounda mtandao wa kufuatilia dawa hizo, EANMAT. Walikubaliana kipimo kimoja: matibabu yakishindwa kwa wagonjwa 25 kati ya 100, dawa ibadilishwe. Kiwango hicho hakikutoka kwenye darubini. Ni makubaliano ya watu waliofikiria pia gharama na ugumu wa kubadilisha (baadaye Shirika la Afya Duniani lilikishusha hadi 10).

Agosti 2001 Tanzania iliacha klorokwini, ikaanza SP kama dawa ya mpito. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba wazazi hawakuwa mezani. Klorokwini hushusha homa. SP huua vimelea lakini homa hubaki kwa muda. Mama aliyekesha na mtoto anayechemka angeaminije kwamba dawa inafanya kazi? Zikaongezeka habari za watu kubabuka ngozi, jambo lililotokea kweli ingawa ni nadra, na wapo waliorudi kutafuta klorokwini. Kwa maoni yetu, maelezo mafupi kuhusu homa, pamoja na vidonge vya kuishusha, yangeokoa imani nyingi.

Mwishoni mwa 2006 ilikuja dawa mseto, ALu. Ilikuwa ghali mno kuliko zilizotangulia, ikapatikana kwa msaada wa Mfuko wa Dunia.

Sasa swali limerudi. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, umethibitishwa Rwanda, Uganda na hapa kwetu mkoani Kagera. Dawa mseto bado inatibu, na dozi imalizwe. Tunaziomba kamati za sharika zihimize jambo moja: aliyemaliza dozi na homa ikamrudia asikimbilie duka la dawa, bali arudi zahanati apimwe tena na kuandikwa. Asipoandikwa, mtafiti hana habari zake, wala Wizara.