Kompyuta na Usalama Kazini: Funzo la Sekunde 8



Kompyuta haikai tena ofisini tu ikipiga hesabu za mishahara. Inaendesha mitambo ya viwandani, treni, lifti na mashine za hospitali. Ile ya mishahara ikichelewa dakika kumi tutanung'unika, lakini hesabu itabaki kuwa sahihi. Inayoendesha mashine ikichelewa hata nusu sekunde, jibu lake sahihi limekwisha kuwa jibu baya. Breki inayokamata baada ya ajali si breki.

Tutoe mfano wa kweli. Mwaka 1986, katika mji wa Tyler, jimbo la Texas, Marekani, wagonjwa wa saratani walitibiwa kwa mionzi ya mashine iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la Atomic Energy of Canada Limited. Machi 21, opereta mwenye uzoefu aliandika herufi ya eksirei badala ya herufi ya elektroni. Aliliona kosa lake, akalisahihisha upesi, akaendelea na kazi. Mashine ikasimama na kuonyesha "Malfunction 54", maneno ambayo kitabu cha maelekezo hakikuyafafanua. Mgonjwa alikuwa ameunguzwa. Baadaye ilikadiriwa kwamba huenda alipata zaidi ya mara 90 ya kipimo alichoandikiwa.

Wahandisi wa kiwanda walikuja, wakapima, wakasema mashine haiwezi kufanya hivyo. Hospitali iliambiwa pia kwamba hakuna ajali nyingine ya aina hiyo inayojulikana, ingawa hospitali nyingine zilikuwa zimekwisha kupeleka malalamiko. Mashine ikarudishwa kazini. Aprili 11 mgonjwa wa pili akaunguzwa. Wote wawili walifariki mwaka huohuo.

Nani aliyegundua chanzo? Ni opereta yuleyule, pamoja na mtaalamu wa fizikia wa hospitali. Walikaa kwenye mashine wakirudia kila hatua, mpaka wakaweza kuleta kosa lile kila walipotaka. Siri ilikuwa mwendo wa vidole.

Opereta alipomaliza kuandika, programu ilianza kupanga sumaku za mashine, kazi iliyochukua kama sekunde 8. Akisahihisha herufi na kumaliza ndani ya sekunde hizo, kioo kilionyesha sahihisho, lakini sehemu ya programu iliyopanga nguvu ya mionzi haikuliona. Nguvu ikabaki ile kubwa ya eksirei, na bamba la madini lililopaswa kuipokea halikuwapo njiani. Wahandisi waliandika polepole, kwa hiyo hawakuona kitu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini hapa haraka ilikuwa ustadi wa kazi. Aliyekosa ni mbunifu ambaye hakumpangia nafasi mfanyakazi hodari.

Mashine ya zamani zaidi, Therac-20, nayo ilikuwa na kosa kama hilo katika programu yake. Lakini ilikuwa na vizuizi vyake vya umeme na vya chuma, visivyotegemea kompyuta. Kosa likitokea, fyuzi ilikatika na mgonjwa alipona. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliachwa, programu ikaaminiwa peke yake.

Basi mashine mpya ikiletwa kazini kwetu, tuulize mapema:

1. Kila kazi ya kompyuta imewekewa muda gani wa mwisho, na muda huo umepimwa siku ya kazi nyingi au siku ya shwari?

2. Mfanyakazi akibadili amri wakati mashine inajipanga, kitatokea nini?

3. Kompyuta ikichelewa au ikikosea, kuna kizuizi gani kingine cha kuisimamisha?

4. Mashine imejaribiwa na wafanyakazi wanaoizoea, kwa mwendo wao wa kila siku?

Asiyeweza kujibu maswali haya hajamaliza kazi yake ya ubunifu.

Tena tusikubali kuambiwa, "Ni ninyi tu mnaolalamika." Kila hospitali iliyoambiwa hivyo ilidhani iko peke yake. Watumiaji wa Therac-25 walipokutana na kulinganisha habari zao, hawakuweza tena kudharauliwa. Ndugu, andikeni kila hitilafu, tarehe na saa yake, na mpeleke habari kwa wenzenu wa sehemu nyingine.

Anayeshika mashine kila siku ndiye wa kwanza kujua ugonjwa wake. Asikilizwe.