Pesa Zako Haziko kwa Memori Kadi: Jua Mahali pa Kuweka Rekodi na Jinsi ya Kuzilinda

Tulikuwa Elburgon siku ya soko, tukiongea na wateja kuhusu usalama wa akaunti, wakati mama mmoja anayeuza viazi alifungua kifuniko cha simu yake na kutuonyesha memori kadi. "Vijana wangu," akatuuliza, "fundi akitoa hii kwa simu, si pesa zangu zinaenda nayo?"

Wachache walicheka. Wengi walinyamaza wakingoja jibu, kwa sababu swali hilo lilikuwa lao pia.

Jibu fupi ni hapana, pesa haziendi popote. Lakini kuna kitu kingine ambacho kinaweza kwenda na hiyo kadi, na ndicho tunataka tuongee leo.

Pesa ziko wapi basi?

Salio lako liko kwenye kompyuta kubwa za kampuni inayokuhudumia, zile zinazoitwa sava. Simu yako ni dirisha tu la kuchungulia ndani na kutoa maagizo. Laini, yaani ile kadi ndogo ya SIM, inabeba utambulisho wa nambari yako ili mtandao ujue ni wewe. Laini ikipotea, unasajili nyingine kwa nambari ileile, na unakuta salio lako vile uliliacha.

Memori kadi haihusiki hata kidogo na salio. Inabeba vitu ambavyo wewe mwenyewe umeweka: picha, nyimbo, video za harusi na faili ulizopakua. Ndani ya hizo faili kuna stetimenti za miezi 6 iliyopita, picha ya kitambulisho chako, na risiti za wateja walionunua magunia. Kadi ikipotea, hujapoteza shilingi. Umepoteza ushahidi wa hizo shilingi, na pengine umemwachia mtu mwingine siri zako.

Chombo na msomaji wake

Unakumbuka kaseti? Ukiwa na kaseti bila redio ya kuicheza, una kipande cha plastiki tu. Vifaa vya kuhifadhi kazi za kompyuta viko hivyohivyo. Kuna chombo kinachobeba, na kuna kiendeshi, yaani mashine inayokisoma na kukiandika. Ukichagua mahali pa kuweka rekodi za biashara, jiulize maswali mawili: chombo hiki kitadumu? Na miaka 5 ijayo nitapata mashine ya kukisoma?

Hebu tuvipitie kimoja kimoja. Tuchukulie kwamba stetimenti moja ya PDF ni kama MB 0.2.

Disketi. Kile kibamba cha mraba cha inchi 3.5 ambacho makarani wengi walikitumia miaka ya 1990. Ndani yake kuna karatasi laini ya plastiki iliyopakwa madini ya sumaku, na kiendeshi chake huizungusha kikisoma. Ilibeba MB 1.44, yaani stetimenti 7 hivi tu. Ukiiweka karibu na spika kubwa yenye sumaku, kazi inaweza kufutika. Sony waliacha kuzitengeneza mwaka wa 2011. Kama chama chenu kina vitabu vya zamani ndani ya disketi, tafuteni kiendeshi cha disketi kinachochomekwa kwa USB na mhamishe kazi hiyo mapema. Kila mwaka unaopita, mashine zinapungua na disketi zenyewe zinachoka.

CD na DVD. Hizi husomwa kwa mwanga wa leza. CD hubeba MB 700, kama stetimenti 3,500. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7. Sumaku haizidhuru, lakini mikwaruzo na jua huziharibu, hasa zile za kuchoma mwenyewe, kwa sababu zimepakwa rangi inayofifia. Shida kubwa zaidi ni kwamba laptopu nyingi za siku hizi hazina tena ile trei ya CD. Kabla ya kuchoma, hakikisha kuna mahali utakuja kuisomea.

Flashi. Hii ndiyo mfalme wa saiba. Ilianza kuuzwa mwaka wa 2000 ikiwa na MB 8 pekee. Leo flashi ya GB 16 ni ya kawaida, na inaweza kubeba stetimenti kama 80,000. Uzuri wake ni kwamba chombo na kiendeshi viko pamoja ndani ya kifuko kimoja. Unachohitaji ni tundu la USB. Lakini ina udhaifu wake. Inabeba virusi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, inapotea kwa urahisi mfukoni, na inaweza kufa ghafla bila kukohoa. Tena inahifadhi kazi kwa chaji ndogo sana za umeme, kwa hivyo si kitu cha kufungia kabatini miaka 10 bila kukigusa.

Jihadhari pia na flashi bandia. Imeandikwa GB nyingi kwa bei ya kutupa, kumbe ndani ni kidogo sana. Inakubali faili zako zote, halafu ukizifungua zinakataa. Ukinunua, ijaze kwa faili, zifungue zote ukiona kama zinafanya kazi, ndipo uiamini.

Memori kadi. Ni ndugu mdogo wa flashi, ila haina tundu la USB. Inasomwa na simu yenyewe au na kisomaji kadi kinachochomekwa kwa kompyuta. Kwa simu nyingi zenye nafasi ya kadi, picha na faili zilizo ndani hazifungwi kwa nambari ya siri ya simu. Mtu akiitoa na kuiweka kwa simu yake, anaona kila kitu. Zipo simu za Android zinazokuruhusu kuifanya kadi iwe sehemu ya simu; hapo inafungwa, lakini pia haiwezi kusomeka kwingine.

Diski kuu ya kubeba. Hii ni ile kubwa ya kuunganisha kwa waya. Inafaa ofisi ya sako, shule au duka lenye rekodi nyingi. Zile za aina ya zamani zina sahani zinazozunguka kwa kasi ndani, kwa hivyo zikianguka chini zikiwa zinafanya kazi, mara nyingi ndiyo kwaheri.

Ukienda saiba

Tuseme kesho unapeleka stetimenti kwa mkopo. Umeipakua kwa simu, umeiweka kwa flashi, unaingia saiba kuprinti. Fanya hivi:

1. Weka kwenye flashi ile faili moja tu unayohitaji. Usibebe maisha yako yote kwenda kuprinti kurasa 4.
2. Kama stetimenti imefungwa kwa neno la siri, ifungue mwenyewe. Usimtajie mhudumu, na usiache nakala isiyofungwa.
3. Ukimaliza, angalia folda ya faili zilizopakuliwa na ile ya takataka kwa hiyo kompyuta. Futa zako pote pawili. Kama uliingia kwa barua pepe au WhatsApp, toka kabisa.
4. Usichomoe flashi ghafla. Bonyeza kwanza sehemu ya kuiondoa kwa usalama. Wakati mwingine kompyuta inakuwa bado inaandika, na ukiivuta faili inabaki nusu.
5. Ukirudi kwa kompyuta yako, pitisha flashi kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua chochote. Ukiona folda zako zimegeuka kuwa alama za njia ya mkato, usizibonyeze.

Kufuta si kumaliza

Hili watu wengi hawalijui. Ukifuta faili kwa flashi au memori kadi, kwa kawaida kompyuta inafuta jina lake tu kwenye orodha. Kazi yenyewe inabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kuna programu za kuirudisha. Hiyo ni habari njema kama ulifuta picha za mtoto kwa bahati mbaya: acha kuitumia kadi mara moja, mpelekee fundi unayemwamini. Ni habari mbaya kama unauza au unagawa flashi yenye rekodi za wateja wako. Iliyobeba siri ni afadhali kuivunja kuliko kuiuza.

Nakala mbili, mahali pawili

Sheria ya Kenya ya Taratibu za Ushuru ya mwaka wa 2015 inataka mfanyabiashara aweke rekodi zake kwa miaka 5. Huo ni muda mrefu kwa flashi moja. Kwa hivyo tunashauri hivi: kila mwisho wa mwezi, pakua stetimenti yako na uiweke sehemu mbili tofauti. Moja iwe flashi inayokaa nyumbani, ndani ya mkebe mkavu unaofunga vizuri. Elburgon iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi na mvua ya kutosha, na unyevu si rafiki wa vifaa hivi. Nakala ya pili iwe kwa barua pepe yako, au hifadhi ya mtandaoni yenye nywila nzuri. Flashi mbili ndani ya mkoba mmoja ni sawa na moja, kwa sababu mwizi hachagui.

Mara moja kwa mwaka, zifungue uone kama bado zinasomeka. Zikianza kusuasua, hamisha.

Tukirudi kwa yule mama

Tulipomweleza haya, alishukuru, akafunga simu yake. Halafu akasimama kidogo na kutuuliza kwa sauti ya chini: "Na kama nilipiga picha ile karatasi nimeandika nambari ya siri?"

Picha ilikuwa ndani ya memori kadi, pamoja na ya kitambulisho chake. Yeyote angeiokota pale sokoni angekuwa na vyote viwili. Alifuta picha hapohapo. Tukamkumbusha kwamba kufuta peke yake hakutoshi, kwa hivyo akageuka upande, akabadilisha nambari ya siri mwenyewe, bila kutuonyesha wala kutuambia. Hivyo ndivyo inavyofaa, hata mbele yetu.

Nawe, kabla ya kulala leo, pitia picha zilizo kwa simu yako. Ukikuta yoyote yenye nambari ya siri, ifute, kisha ubadilishe nambari hiyo. Mahali pake ni kichwani mwako tu.