Mjukuu Kazaliwa Guangzhou, Simu Inalia Tabaka

Uko Tabaka, unapiga msasa kinyago cha mawe ya sabuni, mara simu inalia. Namba ngeni. “Mama, umekuwa nyanya! Lakini hospitali hapa Guangzhou imemshikilia binti yako na mtoto. Tuma elfu ishirini sasa hivi.”

Furaha na hofu kwa pamoja. Hapo ndipo tapeli anapokutaka.

Unampigia binti kwa WhatsApp, kimya. Usishtuke bado: China imezuia WhatsApp, wengi kule hutumia WeChat. Tena wako mbele yetu kwa saa tano. Saa tatu usiku Tabaka, kwao ni saa nane, mzazi amelala (mtoto akimruhusu). Mtafute mkwe, au asubiri kupambazuke. Na mbona deni la Guangzhou lilipwe kwa namba ya Kenya?

Wengine husingizia pasipoti ya mtoto. Kweli, China haimpi uraia mtoto wa wageni kwa kuzaliwa tu pale, ila Katiba yetu ya 2010 inamhesabu Mkenya hata mzazi mmoja tu akiwa Mkenya. Pasipoti ataihitaji. Lakini ada yake haiendi kwa namba ya mtu binafsi.

Umeshatuma? Tupigie sasa hivi, kabla hajazitoa kwa ajenti.