Base na ampli zilizotumika: kitu cha kuangalia mbele ya kutoa pesa

Ampli ya base iliyotoka Marekani inaweza kufika Goma, Bukavu ao Lubumbashi ikiwa nzima, bila mkwaruzo wowote, na kuungua dakika ile ile inapochomekwa ukutani. Pengine mwuzishaji hakudanganya mtu. Iliundwa kwa kurani ya volti 120, lakini Congo inatumia volti 220.

Kwa korali iliyochanga franka kwa miezi mingi, ao kwa kijana anayetaka kuingia katika orkestre akiwa na chombo chake mwenyewe, kosa kama hilo ni kurudi mwanzo. Walakini wanunuzi wengi wanauliza maswali mawili tu: ni ya kampuni gani, na ni bei gani. Maswali hayo ni mazuri, ila hayatoshi. Jina linaweza kubandikwa juu ya ubao wowote, na bei inategemea mambo ambayo macho ya haraka hayaoni.

Umuhimu wa chombo hiki hauhitaji maelezo marefu kwa wapenzi wa rumba, muziki ambao UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi wa 12 mwaka wa 2021, kwa ombi la Congo mbili. Solo na mi-solo zinapamba wimbo, lakini base ndiyo inaubeba. Ikikosekana, hata mcheza dansi asiyejua muziki anasikia kwamba kuna kitu kimepotea.

Kwa nini zingine ni za bei kali

Mwaka wa 1951, Leo Fender, fundi wa Kalifornia, alitoa gitare ya base ya umeme iliyoitwa Precision Bass. Mbele ya hapo wapigaji wengi walibeba kontrabasi, chombo kikubwa kuliko mtu, ambacho sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Mwaka wa 1960 Fender akaongeza Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1965, kampuni yake ikanunuliwa na CBS kwa dola milioni 13.

Tarehe hiyo ndiyo inagawanya soko hadi leo. Wakusanyaji wa vyombo vya zamani wanatafuta hasa zile zilizoundwa mbele ya CBS, na Jazz Bass ya mwanzo wa miaka ya 1960 ambayo haijabadilishwa kitu inaweza kupita dola 10,000. Base inayofanana nayo kwa umbo, yenye jina la Squier, ambalo Fender ilianza kulitumia kwa gitare za bei nafuu mwaka wa 1982, inapatikana kwa dola mia chache.

Kinacholipiwa hapo si uzee peke yake, ni uasili. Base ya zamani iliyopakwa rangi upya inapoteza karibu nusu ya bei yake machoni pa mkusanyaji. Mikro zilizobadilishwa, funguo mpya za kukazia nyuzi, ao tundu moja lililotobolewa bila sababu, kila kimoja kinashusha bei.

Hapo ndipo mtu wa kupiga muziki anapata nafasi yake. Rangi mpya haibadilishi namna base inavyoshika wimbo kanisani. Kile kinachomkimbiza mkusanyaji kinaweza kuwa bahati ya mpigaji, mradi tu aambiwe ukweli na alipe bei ya ukweli huo.

Namna ya kujua umri wake

Karatasi yenye alama ya kampuni inaigizwa kwa urahisi. Kwa hiyo wanunuzi wenye uzoefu wanaomba kuona ndani. Chini ya vifungo vya sauti kuna vipande vidogo vinavyoitwa potensiometri, na mara nyingi vina namba. Mfano ni 1376632: 137 ni kampuni ya CTS, 66 ni mwaka wa 1966, na 32 ni juma la 32 la mwaka huo. Base yenye kipande hicho cha asili haiwezi kuwa ya mwaka wa 1962, hata mwuzishaji aape namna gani. Inaweza kuwa ya nyuma ya 1966, kwa sababu kiwanda kilikuwa na akiba, lakini si ya mbele yake.

Namba ya gitare yenyewe inasaidia pia. Katika Fender nyingi zilizoundwa Marekani kuanzia mwaka wa 1976 hivi, namba iko kwenye kichwa: herufi S ni ya miaka ya 1970, E ni ya 1980, N ni ya 1990, na tarakimu inayofuata ni mwaka. Kuna makosa ya kiwanda, ndiyo maana namba moja peke yake haitoshi kuamua.

Namba hiyo inastahili kuandikwa mahali kwa sababu nyingine tena: wizi. Base ya Höfner ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka wa 1961 iliibiwa London mwaka wa 1972, na habari ya kurudishwa kwake ilitangazwa mwaka wa 2024. Chombo cha wizi kinaweza kudaiwa hata kiisha miaka 50, na aliyekilipia ndiye anabaki mikono mitupu. Karatasi ya mauzo, hata iliyoandikwa kwa mkono, ni kinga ndogo lakini ya kweli.

Shingo kwanza, rangi baadaye

Kwa base yenyewe, ugonjwa mbaya uko katika shingo. Mnunuzi anabana uzi mmoja kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kiisha anaangalia katikati. Nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi ngumu, ni kawaida. Nafasi kubwa inaonyesha kwamba shingo imepinda. Ndani yake kuna chuma cha kuirudisha. Chuma hicho kikizunguka vizuri, kazi ni ya dakika chache kwa fundi; kikiwa kimekwama ao kukatika, matengenezo yanaweza kupita bei ya base. Vifungo vinavyokwaruza sauti, kinyume chake, vinasafishwa kwa pesa kidogo.

Ampli inasomwa nyuma

Kwa ampli, maandishi ya nyuma ni muhimu kuliko jina la mbele. Ya Marekani inaandikwa volti 120, ya Japani volti 100. Zote mbili zinahitaji transfo ya kushusha kurani, yenye nguvu kupita wati ambazo ampli inakula, si wati za sauti inazotoa. Ampli nyingi ndogo za kisasa zinaandikwa 100–240: hizo zinakubali kurani ya Congo bila transfo, kama waya wa kuchomeka unafaa.

Ampli za lampe zinaomba uangalifu zaidi. Kuiwasha bila bafle kunaweza kuunguza transfo yake ya ndani. Vipande vinavyohifadhi kurani vinachoka kiisha miaka 20 hivi, na vinaweza kuua mtu hata ampli ikiwa imechomolewa. Kuifungua ni kazi ya fundi anayeijua. Tena kuna uzito: kichwa cha Ampeg SVT, ampli ya wati 300 iliyotoka mwaka wa 1969, kinakaribia kilo 40, na bafle lake la spika 8 ni zito zaidi. Anayelipa usafirishaji kwa kilo afanye hesabu hiyo mbele ya kufurahia bei.

Bafle linapimwa kwa multimetri. Lililoandikwa om 8 linaonyesha karibu 6, la om 4 karibu 3. Kama lenye spika moja halionyeshi kitu, spika imekatika ao waya umetoka.

Mwuzishaji mwaminifu hakasiriki kwa maswali haya. Picha nne zinatosha kuanza mazungumzo: namba ya gitare, potensiometri, shingo ikitazamwa kwa upande, na maandishi ya nyuma ya ampli. Asiyetaka kuzituma, pesa za korali zibaki kwanza kwa mweka hazina.