Kabla ya kumnunulia mtoto kompyuta ya picha, mzazi jiulize haya

Mtoto wa sekondari anapiga picha ya Maporomoko ya Rusumo kwa simu ya baba yake. Anaikata pembeni, anaongeza mwanga, na jioni familia nzima inapokezana simu kuitazama. Siku chache baadaye ombi linafika: "Baba, naomba kompyuta ya kuhariri picha."

Kwa familia nyingi za Ngara na Biharamulo, hela hiyo ni ya kahawa, ya ndizi au ya duka, na ada nayo inaisubiri. Ndiyo maana ni vyema kuchagua bila haraka.

Anza na kisichogharimu. Programu ya Snapseed ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu. Mwache mtoto aitumie miezi miwili au mitatu. Akiendelea kuhangaika na picha bila kusukumwa, hapo kuna kipaji cha kulea. Akiichoka, umeokoa hela.

Ukiamua kununua, fikiria umeme kwanza. Mto Kagera pale Rusumo una kituo cha megawati 80 kinachohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini nyumbani umeme bado unaweza kukatika. Kompyuta ya mezani huzima papo hapo na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea, wakati kompyuta mpakato yenye betri nzima humpa mtoto nafasi ya kuhifadhi.

Halafu tazama mambo matatu. RAM isipungue gigabaiti 8, na 16 ni bora zaidi. Diski iwe SSD, kwani hufungua picha haraka kuliko HDD. Kioo kiwe cha aina ya IPS, maana hicho hakibadilishi rangi ukikitazama kwa upande. Kioo kibovu humfanya mtoto arekebishe rangi ambazo hazina kosa.

Kompyuta iliyotumika si dhambi, ila ina mtego. Tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama bure. Kwa mashine za Intel, Windows 11 inahitaji kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Muuzaji akikwambia "i5" tu, muulize ni ya kizazi cha ngapi. Ya zamani zaidi inaweza kufungwa Linux, mradi yupo wa kumwelekeza mtoto.

Wengine huagiza Mwanza au Kahama, mzigo ukaja kwa basi. Kabla ya kutuma hela, mwombe ndugu aliyeko huko aende dukani, aiwashe, achomoe chaja na aiache itumie betri kwa nusu saa. Afungue picha nyeupe ijae kioo chote, atazame kama kuna madoa, kisha ajaribu kila kitufe. Risiti na dhamana viandikwe.

Usitenge hela ya programu kwanza. Photoshop hulipiwa kila mwezi au mwaka, lakini GIMP na darktable ni za bure. Zikishapakuliwa mara moja, hutumika bila bando.

Mwisho, usisahau nakala. Faili ghafi moja ya kamera ya megapikseli 24 hufikia megabaiti 25 hivi, kwa hiyo picha elfu moja hula gigabaiti 25. Nunua diski ya nje, na mtoto azoee kuhamishia humo kila Jumapili. Diski hiyo isikae kwenye begi moja na kompyuta, kwa sababu mwizi akibeba begi atakuwa amebeba vyote viwili.

Na kazi ya kwanza ampeni ninyi wazazi: akusanye picha za familia zilizotawanyika kwenye simu za nyumbani, azisafishe na kuzihifadhi. Simu ikiharibika itanunuliwa nyingine, lakini picha ya bibi aliyekwisha kutangulia haipigwi tena.