Kuipitia Historia ya Dunia kabla ya Mtihani: Vipindi Vikuu Vilivyoacha Alama Kibondo na Kasulu

Kila mwaka ifikapo mwezi Novemba, vijana wa Kidato cha Nne kote nchini hufanya Mtihani wa Kuhitimu Elimu ya Sekondari unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Kwa watahiniwa wa Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, somo la Historia lina jambo la pekee: vipindi vingi wanavyotakiwa kuvieleza vimeacha alama katika mkoa wao wenyewe, kuanzia chemchemi za chumvi za Uvinza hadi kambi ya wakimbizi ya Nduta.

Hata hivyo, mwanafunzi anayekariri miaka na majina bila kuona uhusiano wake hujikuta mashakani pale swali linapomtaka aeleze sababu au matokeo. Makala haya yanaeleza namna vipindi vikuu vya historia ya dunia vinavyofuatana, mahali vinapogusa mkoa wa Kigoma, na namna ya kuvidurusu katika majuma ya mwisho kabla ya mtihani.

Mambo yanayotahiniwa

Muhtasari wa somo uliotumika kwa miaka mingi katika Kidato cha Kwanza hadi cha Nne umepangwa kama safari. Unaanza na vyanzo vya historia na chimbuko la binadamu, unapita katika shughuli za uchumi na mifumo ya utawala kabla ya ukoloni, kisha uhusiano wa Afrika na mataifa ya nje, ubepari wa viwanda, uvamizi wa wakoloni na uchumi wao. Unamalizia na migogoro ya mfumo wa kibepari, harakati za uhuru, mabadiliko ya sera baada ya uhuru na nafasi ya Afrika katika masuala ya kimataifa.

Kidato cha Sita huenda mbali zaidi. Pamoja na historia ya Afrika, watahiniwa husoma kukua kwa ubepari na demokrasia barani Ulaya, Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, Mapinduzi ya Viwanda, kuibuka kwa Marekani kama taifa kubwa, Mapinduzi ya Urusi ya 1917 na ya China ya 1949, pamoja na ukoloni mamboleo.

Kipindi cha kwanza: jamii kabla ya ukoloni

Historia ya binadamu nchini huanzia mbali. Mwaka 1959, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Olduvai. Baada ya Zama za Mawe zilifuata Zama za Chuma, ambapo watu walitengeneza majembe na silaha, wakazalisha ziada na kuanza kubadilishana bidhaa.

Hapa ndipo Kigoma inapoingia. Uchunguzi wa kiakiolojia uliofanyika Uvinza mwaka 1967 ulionesha kuwa chumvi ilikuwa ikichemshwa katika chemchemi za huko tangu takribani karne ya 5. Chumvi hiyo ilisafirishwa sehemu mbalimbali za nyanda za Ziwa Tanganyika, na ni mfano mzuri wa biashara ya ndani iliyokuwepo kabla ya wageni kutoka pwani kufika.

Katika utawala, Buha ilikuwa na falme kadhaa zilizoongozwa na Mwami. Heru ilikuwa katika eneo la Kasulu na Muhambwe katika eneo la Kibondo. Mfumo wa ukabaila uliotawala humo uliitwa ubugabire: mwenye ng'ombe alimpa mtu mwingine mifugo aitunze na kufaidi maziwa yake, naye aliyepewa alilipa kwa utumishi na utii. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu ukabaila, anaweza kuulinganisha ubugabire na nyarubanja ya Kagera, ambako msingi wa unyonyaji ulikuwa ardhi. Akiongeza na ukabaila wa Ulaya ya Zama za Kati, ataona kanuni ileile: anayemiliki njia kuu ya uzalishaji mali ndiye anayemiliki jasho la mwenzake.

Kipindi cha pili: Afrika yaunganishwa na biashara ya dunia

Mwaka 1492 Christopher Columbus alivuka Bahari ya Atlantiki, na mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani ya Afrika Mashariki akielekea India. Kuanzia hapo mabara yakaunganishwa kwa biashara, na kwa maumivu ya utumwa.

Ushahidi wa kipindi hicho umo katika chakula cha kila siku cha wakazi wa Kibondo na Kasulu. Mahindi, muhogo na maharage, mazao yanayolimwa sana katika nyanda hizo, yote yana asili ya bara la Amerika na yaliletwa Afrika baada ya safari hizo. Mwanafunzi anayekula ugali wa muhogo kwa maharage amekaa mezani na historia ya karne ya 16.

Katika karne ya 19, Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kutoka Bagamoyo. Pembe za ndovu na watumwa vilipelekwa pwani. Nguo, shanga na bunduki zikaingia bara. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, na mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikutana hapo na David Livingstone. Katika miaka hiyohiyo ya katikati ya karne, Watuta, tawi la Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika kwa sababu ya vurugu za Mfekane, walifika hadi maeneo ya karibu na Ujiji. Matukio hayo matatu, yaani misafara, wapelelezi na uhamaji wa Wangoni, husomwa katika mada tofauti, lakini yalikutana katika mkoa mmoja na katika kizazi kimoja.

Kipindi cha tatu: viwanda, ubeberu na mipaka

Mapinduzi ya Viwanda yaliyoanza Uingereza katika karne ya 18 yalibadili mahitaji ya Ulaya. Viwanda vilihitaji malighafi, masoko, na mahali pa kuwekeza mitaji. Pembe iliyopita Ujiji iliishia kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Ushindani wa mataifa hayo ulisababisha Mkutano wa Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, na hatimaye kuundwa kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyojumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mara nyingi mtahiniwa hutakiwa kueleza lengo la miundombinu ya kikoloni. Jibu linaonekana kwenye ramani: reli ilitoka bandarini kwenda bara kwa ajili ya kuchukua mazao na kupeleka askari, haikuwekwa ili kuunganisha Kibondo na Kasulu.

Kipindi cha nne: vita na mdororo wa uchumi

Vita ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) ilifika hadi ziwani. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji yakikaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirejea kazini kwa jina la Liemba.

Ubelgiji iliishikilia Kigoma hadi mwaka 1921. Baada ya Mkataba wa Versailles wa 1919, makoloni ya Ujerumani yaligawanywa: Uingereza ikapewa Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, na Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi. Kwa mgawanyo huo, watu wa Buha na jirani zao wa Burundi, ambao lugha zao zinakaribiana sana, wakawekwa chini ya tawala mbili tofauti.

Chini ya Waingereza, Kigoma iligeuzwa kuwa hifadhi ya nguvu kazi. Vijana wa Kiha walisafiri kwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakajulikana kama manamba. Bei ya mkonge iliposhuka katika Mdororo Mkuu wa Uchumi ulioanza 1929, athari zake ziliwafikia wafanyakazi hao. Katika utawala, Waingereza walitumia machifu kupitia utawala usio wa moja kwa moja ulioimarishwa na Gavana Donald Cameron mwaka 1926. Chini ya mfumo huo, mwaka 1946 Theresa Ntare alitawazwa kuwa Mwami wa Heru, mfano adimu wa mwanamke katika uongozi wa jadi wa zama hizo.

Kipindi cha tano: uhuru, Vita Baridi na ujirani

Vita ya Pili ya Dunia (1939–1945) ilidhoofisha mataifa ya kikoloni. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Congo ilikuwa imetangulia tarehe 30 Juni 1960. Burundi na Rwanda zilifuata tarehe 1 Julai 1962.

Vita Baridi nayo ilifika ziwani. Aprili 1965, Ernesto Che Guevara wa Cuba alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kusaidia waasi wa mashariki mwa Congo, akarudi Novemba mwaka huohuo baada ya jaribio hilo kushindwa. Nchini, Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilitangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, na katika miaka ya 1970 wananchi wa Kigoma walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa.

Migogoro ya nchi jirani ilileta wimbi baada ya wimbi la wakimbizi: Warundi mwaka 1972, na tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, kisha Wacongo, ambao kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996. Oktoba 2015, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya kuwapokea Warundi. Mada ya Afrika katika masuala ya kimataifa inahusu hayo hasa: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi wa 1969, Makubaliano ya Amani ya Burundi yaliyosainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000 baada ya usuluhishi wa Mwalimu Julius Nyerere na kisha Nelson Mandela, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007.

Namna ya kudurusu

Kwanza, mwanafunzi achore mstari mmoja wa wakati wenye safu mbili: juu matukio ya dunia, chini matukio ya Kigoma na Tanzania. Berlin 1884 ikikaa juu ya Reli ya Kati, na Versailles 1919 juu ya mpaka wa Burundi, sababu na matokeo hujionesha. Mazoezi hayo humsaidia pia katika maswali ya kupanga matukio kwa mfuatano.

Pili, afuatilie mada nne zinazopita katika vipindi vyote: biashara, nguvu kazi, mipaka na uhamaji. Kwa kila mada ajiulize nani alinufaika, nani aliumia na kitu gani kilibadilika.

Tatu, ajizoeze kuandika insha kamili. Hoja iliyotajwa tu bila kuelezwa na kutolewa mfano haitoshi. Insha iwe na utangulizi, hoja zenye mifano, na hitimisho linalojibu swali lililoulizwa.

Nne, azingatie lugha. Mtihani wa Historia wa Kidato cha Nne huandikwa kwa Kiingereza, wakati vijana wengi wa nyanda hizo hufikiri kwa Kiha na Kiswahili. Kujadiliana kwa Kiswahili hadi jambo lieleweke ni hatua njema, lakini jioni hiyohiyo hoja iandikwe kwa lugha ya mtihani.

Tano, walimu na wanafunzi watumie miundo ya mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na NECTA, ambazo huonesha maswali yaliyofanywa vizuri, yaliyofanywa vibaya na sababu zake. Muundo unaofuatwa uwe ule wa mwaka husika.

Wajibu wa jamii

Wazazi na walezi wanahimizwa kuwapa watahiniwa muda wa kusoma, hasa miezi hii ambapo mvua za vuli huanza na kazi za shamba huongezeka. Wazee nao ni chanzo cha historia: simulizi za mdomo zimo katika muhtasari wa somo, na aliyewahi kwenda mkonge au kuhamia kijiji cha ujamaa anaweza kumweleza mjukuu wake kwa dakika chache jambo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa kadhaa.

Alama 45 hadi 64 katika mtihani huo ni daraja C, na 75 kwenda juu ni A. Tofauti hiyo inaweza kuamua kama kijana ataendelea na masomo ya Kidato cha Tano katika tahasusi yenye Historia. Kwa kijana wa Kibondo anayepita kila siku jirani na Nduta, kuelewa ni kwa nini majirani zake walivuka mpaka, na mpaka huo uliwekwa na nani, kutamfaa katika chumba cha mtihani na katika kuishi na majirani hao baada ya matokeo kutangazwa.